Kijiko Kipi

Nyumba ya kwanza, Langoni, nikavua viatu dakani
nikaomba nisichozoea kuomba kwa watu,
si maji, si pa kuketi:
"Nionyesheni kijiko mnachompimia mtoto dawa."
Wakacheka. Mwana Nana akaniletea vitatu juu ya sinia
kana kwamba nimekuja kuposa.

Nina bomba la sindano lisilo na sindano,
nina daftari, nina barua ya chuo yenye mhuri.
Najaza maji, navuta, nasoma mstari.
Mililita tatu. Mililita sita.
Hiki cha harusi, chenye ua mpinini, saba na nusu.
Chupa ya dawa ya homa imeandikwa
"kijiko kimoja cha chai."
Haisemi chai ya nani.

Dukani kwa Shekuwe, Usita wa Mui,
punda wenye simiti walipita, foleni ikabana ukutani.
Yeye huandika juu ya bahasha ya kaki, 1 × 3,
mkono mmoja tayari uko kwa mteja wa pili.
Nilizifuata bahasha zake hadi majumbani.

Mmoja alimeza kidonge kila siku ya tatu.
Mmoja, mwezi wa Ramadhani, alivikusanya vitatu
akavishushia na tende, adhana haijaisha,
maana ni mara tatu kwa siku, na siku yake
haikuwa na mdomo mpaka magharibi.
Bi Mwanate aliacha alipopata nafuu.
Vilivyobaki akavitia kopo la biskuti:
"Namuwekea jirani. Ana kikohozi kama changu."
Kama chako vipi?
"Cha usiku," akasema.

Msimamizi wangu, huko aliko, anataka asilimia.
Nampelekea asilimia.
Jedwali lake lina safu sita,
hamna safu ya "cha usiku."

Nilimrudia Shekuwe na bahasha zake mwenyewe.
Sikumlaumu. Alizipanga kauntani kama karata,
akaziangalia kitambo, mteja akigonga kioo kwa shilingi.
"Nilidhani hesabu haina lugha," akasema.
Kesho yake nikamkuta anachora:
jua linachomoza, jua la utosini, mwezi.
Na kwa aliyefunga, daku na futari;
dawa isiyoenea humo, anampigia daktari simu
kabla ya kupokea pesa.
Mwezi wake haukufaa. Watu waliuliza kama ni ndizi.
Akaendelea kuuchora.

Nyumba ya mwisho sikuichagua mimi,
kura ndiyo iliyoichagua: mlango wetu.
"Ndoo, mwanangu," mama akasema. "Hata mimi wanipima?"
Akatoa kile cha bati, kilichopinda shingo,
kijiko cha kwinini ya mwaka ule wa homa,
mimi nina miaka minne, Famau miwili.
Nikajaza. Nikasoma. Nikamwaga, nikajaza tena.

Tisa.

"Si mlipoa?" mama akauliza,
maana nilikuwa nimenyamaza.
Famau alikuwa uani, anakaza skrubu za redio.
Nilimwita kwa jina, si kwa sauti kubwa.
Nikamwita tena.
Akageuka kama anavyogeuka siku zote,
akinipa sikio la kulia.

Sijui. Na daftari halijui;
homa yenyewe, wasema, huziba masikio.
Niliandika: nyumba ya arobaini, mililita tisa.
Mama akakiosha kijiko, akakifuta kwa ncha ya leso,
akasimama nacho katikati ya jiko
kama mtu aliyesahau
kabati liko upande gani.